Kudumu na Kudumishwa: Je, Vifaa vya Anasa ni Jibu la Taka za Kielektroniki?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dai kwamba vifaa vya kielektroniki vya anasa, vilivyoundwa kwa mikono na kukusudiwa kudumu, vinaweza kuwa suluhisho la tatizo la taka za kielektroniki. Mifano mitatu inatumiwa: simu za Vertu za Uingereza, saa za dhahabu za Apple za mwaka 2015, na kamera za Leica za Ujerumani. Tunashikilia kwamba thamani ya malighafi na ustadi wa mkono havitoshi kukiokoa kifaa ambacho uhai wake unategemea betri, programu na mtandao. Kwa kuzingatia tofauti iliyopo baina ya vitenzi dumu na dumisha, pamoja na mfano wa jahazi la pwani yetu, makala yanapendekeza kwamba sifa tunayopaswa kuidai si udumifu bali utengenezekaji. Mwishoni yanaeleza ni kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mnamo Agosti 2023 mwandishi wa makala haya alikuwa nyanjani katika kaunti ya Lamu, akikusanya nyimbo za vave, yaani nyimbo za kilimo za Wabajuni. Mzee mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini alikubali kutuimbia usiku kucha. Tulimrekodi kwa simu ya mkononi. Miezi mitatu baadaye mzee huyo alifariki dunia. Wiki iyo hiyo simu ilikataa kuwaka.

Tuliipeleka simu hiyo kwa fundi katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Fundi aliipasha moto ili kulainisha gundi, akaibandua skrini, akaichunguza bodi kwa muda mrefu. Hatimaye akatikisa kichwa. "Ndugu yangu," alisema, "hii haikuundwa ifunguliwe. Bodi imekufa, na kumbukumbu imelehemiwa mumo humo." Nyimbo zile zimo ndani ya simu ile hadi leo, nayo simu imo katika droo ya meza yetu. Kosa la kutoweka nakala ni letu, wala hatulikani. Hata hivyo, jambo moja lilitukera. Nyumbani kwetu ipo redio ya kaseti ambayo baba aliinunua mwaka 1988. Imefunguliwa na mafundi mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na kaseti ya nyimbo za harusi iliyorekodiwa kwayo mwaka 1994 ingali inasikika.

Tulipowasimulia wenzetu mkasa huu, wengi walitujibu kwa methali isemayo rahisi ni ghali. Tungenunua kifaa cha bei ya juu, walisema, kilichoundwa kwa uangalifu na watu wanaojua kazi yao, tusingelia. Jibu hili si la wenzetu pekee. Wapo wabunifu na wafanyabiashara wanaodai kwamba tiba ya taka za kielektroniki ni kuunda vifaa vichache, vya thamani kubwa, kwa mikono ya mafundi stadi, ili mnunuzi avitunze na kuvirithisha badala ya kuvitupa. Lengo la makala haya ni kulipima dai hilo kwa mifano halisi. Tutaanza kwa kufafanua istilahi, kisha tutaeleza ukubwa wa tatizo, tuwasikilize watetezi wa anasa, na ndipo tutakapoiita mifano yetu itoe ushahidi.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Taka za kielektroniki ni vifaa vyovyote vinavyotumia umeme au betri ambavyo mwenyewe amevitupa au amekusudia kutovitumia tena: simu, tarakilishi, runinga, majokofu, chaja na kadhalika. Ni muhimu kutambua kwamba kifaa hakigeuki taka kwa sababu kimeharibika tu. Hugeuka taka pale mtu anaposhindwa, au anapokataa, kukirejesha katika matumizi.

Kifaa cha anasa, katika makala haya, ni kile ambacho bei yake imepita kwa mbali gharama ya kazi kinayoifanya, na ambacho sehemu kubwa ya bei hiyo inatokana na malighafi adimu na kazi ya mkono.

Istilahi ya tatu ndiyo kiini cha hoja yetu. Kiswahili kina kitenzi dumu, chenye maana ya kuendelea kuwapo bila kukoma. Kutokana nacho tunapata dumisha, ambacho kiko katika kauli ya kutendesha, na dumishwa, ambacho kinaongezea kauli ya kutendwa. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Tunaposema kitu kimedumu, tunakipa kitu chenyewe sifa, kana kwamba nguvu ya kuishi imo ndani yake. Tunaposema kimedumishwa, tunalazimika kuuliza: na nani? Kitenzi hicho kinamdai mtenda hata pale ambapo hajatajwa. Tutaona kwamba watetezi wa anasa wanazungumza kwa kitenzi cha kwanza, ilhali ulimwengu wa vifaa unafuata cha pili.

3.0 Ukubwa wa Tatizo

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iitwayo Global E-waste Monitor, iliyochapishwa mwaka 2024, inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, sawa na wastani wa kilo 7.8 kwa kila mtu. Ni asilimia 22.3 tu ya taka hizo ambazo zilithibitishwa kukusanywa na kuchakatwa upya kwa njia zinazofaa. Ripoti hiyo inakadiria kwamba kufikia mwaka 2030 kiasi hicho kitakuwa kimefika tani milioni 82.

Taka hizi hazilali tu. Ndani yake mna madini ya risasi, zebaki na sumu nyinginezo. Nyaya zinapochomwa ili kuipata shaba iliyomo, moshi wake huvutwa na yule aliye karibu, ambaye aghalabu ni kijana anayetafuta riziki jaani. Mataifa yalitambua hatari hii mapema. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliweka masharti ya kusafirisha taka za sumu kutoka nchi moja hadi nyingine, na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ukapiga marufuku kuingizwa kwa taka hizo barani Afrika. Hata hivyo, mkataba hauwezi kukizuia kifaa kilichoingia kikiwa kizima na kikafia humu nchini. Simu iliyokufa Nairobi ni taka ya Nairobi, hata kama iliundwa mbali.

4.0 Hoja za Watetezi wa Anasa

Haifai kulipinga dai kabla ya kulisikiliza. Watetezi wa vifaa vya anasa wana hoja tatu zenye uzito.

Kwanza, wanasema mtu hatupi anachokithamini. Saa iliyonunuliwa kwa jasho la mwaka mzima hufutwa vumbi, huwekwa kwenye kasha, na mwenyewe anapozeeka humkabidhi mwanawe. Pili, wanasema kazi ya mkono humfanya muundaji awajibike. Fundi anayetia jina lake kwenye kazi yake hafanyi kazi ya kulipua. Tatu, malighafi bora hustahimili: titani haishiki kutu, na yakuti haikwaruziki kirahisi kama kioo cha kawaida.

Hoja hizi zina mashiko, na methali zetu zinaziunga mkono. Tunaambiwa usitupe mbachao kwa msala upitao, na tunaonywa kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali zote mbili zinamkemea anayekiacha cha zamani kwa tamaa ya kipya. Lakini methali ya mbacha ina sharti lililofichika: mbacha, ingawa umechakaa, bado unalalika. Hakuna aliye mbali anayeweza kuamua kwamba kuanzia kesho mbacha wako hautatandikika tena. Sharti hilo ndilo linaloukosa ulimwengu wa vifaa vya kielektroniki.

5.0 Ushahidi wa Mifano Mitatu

5.1 Simu za Vertu

Kampuni ya Vertu ilianzishwa na Nokia mwaka 1998 kwa lengo la kuunda simu za mkononi kama vito vinavyoundwa. Simu yake ya kwanza, Signature, ilizinduliwa mwaka 2002. Simu hizo ziliunganishwa kwa mikono huko Church Crookham, katika jimbo la Hampshire, Uingereza. Kioo cha mbele kilikuwa cha yakuti, na vibonyezo vya Signature vilikalia vito vya rubi ili vibonyezeke kwa ulaini kama mitambo ya saa. Palikuwa na kibonyezo maalumu cha kumwita mhudumu wa kumtafutia mwenye simu hoteli au tiketi. Katika baadhi ya matoleo, saini ya fundi mmoja aliyeiunganisha simu kuanzia mwanzo hadi mwisho iliwekwa ndani yake. Mwaka 2013 toleo la Vertu Ti liliuzwa kwa takriban yuro 7,900.

Je, ziliishije? Nokia iliiuza sehemu kubwa ya umiliki wake mwaka 2012, na kampuni ikapita mikononi mwa wamiliki mbalimbali. Mwaka 2017 kiwanda cha Church Crookham kilifungwa na wafanyakazi wapatao 200 wakapoteza kazi. Jina Vertu limeendelea kutumiwa na wamiliki wengine, lakini meza ambayo fundi yule alikalia alipoweka saini yake haipo tena.

Kulikuwa na adui mwingine aliyekuwa mkubwa kuliko kufilisika. Simu za awali za Vertu zilitegemea mtandao wa kizazi cha pili. Mwaka 2017 Singapore ilizima mtandao huo nchini kote. Kwa mwenye simu iliyotegemea kizazi hicho pekee, rubi na yakuti vilibaki palepale, lakini simu haikuweza tena kupiga wala kupokea. Haikuvunjika wala haikushika kutu. Iliachwa na ulimwengu uliokuwa ukiizungumzia.

5.2 Saa za Dhahabu

Mnamo Aprili 2015 kampuni ya Apple ilianza kuuza saa zake za kwanza. Toleo la bei nafuu zaidi, la alumini, liliuzwa kwa dola 349 za Marekani. Toleo la anasa, lenye gamba la dhahabu ya karati 18, liliuzwa kati ya dola 10,000 na 17,000. Tofauti hiyo yote ilikuwa ya nje. Ndani, saa ya dola 17,000 ilikuwa na mitambo ile ile ya saa ya dola 349.

Mwaka 2018 Apple ilitoa mfumo mpya wa uendeshaji, watchOS 5, ambao saa za kizazi hicho cha kwanza hazikuweza kuupokea, za alumini na za dhahabu kwa pamoja. Mwaka 2023 kampuni iliziingiza saa hizo katika orodha ya bidhaa zilizopitwa na wakati, ambazo haizitengenezi wala haizitolei vipuri. Waswahili husema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Hapa methali imepatwa na jambo isilolitarajia: king'aacho ni dhahabu kweli, na bado haikufaa kitu.

Watengenezaji wa saa za mitambo walilitambua jambo hili mapema. Kampuni ya TAG Heuer ya Uswisi ilipotoa saa yake ya kielektroniki mwaka 2015 kwa dola 1,500, iliwaahidi wanunuzi kwamba baada ya miaka miwili wangeweza kuirudisha, waongeze dola nyingine 1,500, wapewe saa ya mitambo. Ahadi hiyo ilikuwa ya ukarimu. Ilikuwa pia ungamo: muundaji mwenyewe alijua ni ipi kati ya saa hizo mbili ambayo mtu angeweza kumrithisha mwanawe.

5.3 Kamera za Leica

Mfano wa tatu ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa unazilinganisha bidhaa mbili za kampuni moja, zenye jadi moja ya ustadi. Mwaka 1954 kampuni ya Leica ya Wetzlar, Ujerumani, ilitoa kamera ya M3. Kamera hiyo hutumia filamu na haina betri hata moja. Kila kilichomo ni gurudumu, springi, parafujo au kioo. Kamera za M3 zingali zinapiga picha leo, na lenzi zilizoundwa kwa ajili yake zinaweza kufungwa kwenye kamera za M zinazouzwa sasa.

Mwaka 2009 Leica hiyo hiyo ilitoa kamera ya dijitali ya M9. Iliundwa kwa uangalifu ule ule na kuuzwa kwa maelfu ya dola. Baadaye iligundulika kwamba kihisi chake cha picha hupatwa na ulikaji unaoacha madoa kwenye picha. Kwa miaka kadhaa kampuni ilivibadilisha vihisi hivyo. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba akiba imekwisha na haiwezi tena kuvipata vya kubadilishia.

Mkono ni ule ule, jina ni lile lile, na heshima ya kampuni ni ile ile. Bado ya mwaka 1954 inatengenezeka, na ya mwaka 2009 imemshinda aliyeiunda. Kamwe hatuwezi kusema tofauti imetokana na uzembe wa fundi.

6.0 Kwa Nini Anasa Imeshindwa?

Mifano hiyo mitatu inatufunulia sababu nne.

Sababu ya kwanza ni kwamba kifaa cha kielektroniki hakiishi peke yake. Mlango ni mlango hata kama nyumba ya jirani imebomoka. Simu si simu bila mtandao, na saa ya kielektroniki inaitegemea programu inayotoka kwa kampuni iliyo mbali. Uhai wake umo nje ya gamba lake. Fundi anaweza kuling'arisha gamba, lakini hana mamlaka juu ya mtandao.

Sababu ya pili ni kwamba viungo muhimu vya ndani havitokani na kazi ya mkono. Rubi inaweza kukatwa na sonara, na ngozi inaweza kushonwa na mshonaji. Chembe ya silikoni na kihisi cha picha hutoka katika viwanda vichache vikubwa, na viwanda hivyo vinapoacha kuviunda, hakuna mkono utakaovichonga. Betri nayo ni kemia: huchoka kila inapochajiwa, iwe ndani ya plastiki au ndani ya dhahabu.

Sababu ya tatu ni ya kihesabu. Tani milioni 62 hazikutokana na simu za matajiri wachache. Zimetokana na chaja, redio, majokofu na simu za mamilioni ya watu. Suluhisho ambalo bei yake inawafungia nje karibu watu wote haliwezi kulipunguza jaa lililojazwa na watu wote.

Sababu ya nne ni ya kisaikolojia. Mtu hutunza anachokithamini, ndiyo, lakini kutunza si kutumia. Simu ya anasa iliyozimika haitupwi, huwekwa kabatini. Imegeuka kumbukumbu, na mwenyewe amekwisha nunua nyingine. Taka imebadili makao tu.

7.0 Funzo la Jahazi

Ikiwa hoja ya anasa imeanguka, je, kazi ya mkono haina la kutufunza? Inalo, na hatuna haja ya kwenda mbali. Pwani yetu inajua kuunda vitu vya gharama kubwa kwa mkono, vikaishi miaka mingi. Mfano mzuri ni jahazi.

Jahazi halidumu kwa sababu mbao zake ni ngumu. Bahari huzila mbao zote. Kila baada ya muda jahazi hupwelewa na kuinamishwa ufuoni. Kalafati kuukuu hutolewa baina ya mbao, na pamba mpya iliyotiwa mafuta hushindiliwa kwa nyundo. Ubao uliooza hung'olewa, mwingine hukatwa na kuchongwa kwa tezo kwa kipimo chake. Chini hupakwa shahamu ili kuwazuia wadudu watoboao mbao. Baada ya miaka mingi, huenda ikawa vigumu kusema ni ubao upi uliotoka kwa fundi wa kwanza. Na bado mwenyewe huliita jahazi lile lile.

Hebu tuzingatie kinachowezesha jambo hili. Mosi, mishikizo yake inaonekana, na anayetaka kuifungua anaweza. Pili, malighafi ya kuitengeneza inapatikana hapa hapa, si kwa mtu mmoja aliye ng'ambo. Tatu, ujuzi umetawanyika: fundi wa Matondoni anaweza kulitengeneza jahazi lililoundwa na fundi mwingine aliyekwisha kufa. Nne, kutengeneza hakuhesabiwi kuwa ni dalili ya ubovu bali ni sehemu ya maisha ya chombo. Jahazi hudumishwa.

Redio ya baba inafuata kanuni hizi hizi. Haikuwa ya anasa, na gamba lake ni la plastiki iliyopasuka pembeni. Lakini imefungwa kwa parafujo nne, na bisibisi ya kawaida inatosha kuifungua. Mkanda ukikatika, fundi huweka mwingine. Waya ukiachia, huulehemu. Simu yetu ya mwaka 2023 ilikuwa na bei zaidi na akili zaidi, ila haikuwa na parafujo hata moja iliyoonekana kwa nje.

8.0 Kuelekea Utengenezekaji

Kauli ya kutendeka inatupa neno tunalolihitaji: kifaa chema ni kile kinachotengenezeka. Wapo wanaolitekeleza wazo hili. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilitoa mwaka 2015 simu ya Fairphone 2 iliyoundwa kwa vipande vinavyotenganishika. Mwenye simu aliweza kubadilisha betri kwa mkono mtupu, na skrini au kamera bila kumwita fundi. Kampuni iliendelea kuitolea simu hiyo programu mpya hadi Machi 2023. Haikuwa na dhahabu wala yakuti. Hata hivyo, ilipewa zaidi ya miaka saba, muda mrefu kuliko ambao saa ya dhahabu ilipewa mifumo mipya.

Sheria nazo zimeanza kugeuka. Muungano wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ambayo, kuanzia Februari 2027, inawataka wauzaji wa vifaa vingi vya kubebeka kuhakikisha kuwa mtumiaji anaweza kuitoa betri mwenyewe na kuibadilisha. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaweka msingi wa kumwajibisha mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kumtaka mzalishaji agharimie kukusanya maiti si sawa na kumtaka asiue. Tungependa kuona siku ambapo sheria zetu zitamlazimisha pia auze vipuri na kuuweka wazi mwongozo wa kutengeneza.

Siku hiyo ikifika, itawakuta mafundi wetu kazini. Fundi wa Luthuli tayari anaishi kwa kanuni ya jahazi. Kwake simu mbovu ni ghala la vipuri: skrini ya moja huifufua nyingine, na kibonyezo cha tatu huiponya ya nne. Kinachomshinda si ujuzi. Kinachomshinda ni gundi, lehemu na kufuli za programu zilizowekwa na watu wasiomjua.

9.0 Mwanafunzi wa Kiswahili Anahusikaje?

Huenda msomaji akauliza: haya yote si ya wahandisi? Tunaona sababu tatu za kulijibu swali hilo kwa la.

Kwanza, fasihi yetu ilikwisha kuutafakari mwisho wa anasa kabla ya kuwapo kwa simu. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa yapata mwanzoni mwa karne ya 19, unayasawiri majumba ya matajiri wa Pate, yaliyosheheni taa na vyombo vya fahari, yakiwa magofu yanayokaliwa na popo. Aghalabu tunaufundisha utenzi huo kama onyo la kidini kuhusu ulimwengu unaopita, na ndivyo ulivyo. Lakini unaweza pia kusomwa kama ushahidi kwamba thamani ya kitu haikilindi kitu. Jumba linapokosa mtu wa kuliziba ufa, fahari yake haiwi ukuta.

Pili, data zetu zimo hatarini. Mtafiti wa fasihi simulizi wa leo hubeba simu badala ya kinasasauti. Kila kifaa kisichofunguka ni kaburi linaloweza kumezea ngano, nyimbo na tenzi ambazo waliozijua wamekwisha kuondoka. Idara zetu za Kiswahili zinapaswa kulifanya suala la nakala, na la aina ya vifaa vinavyonunuliwa kwa utafiti, kuwa sehemu ya somo la mbinu za utafiti wa nyanjani. Tunalisema hili tukiwa tumekwisha kulipa gharama yake.

Tatu, ipo kazi ya lugha. Mafundi wamejiundia msamiati wao, na una utajiri wa tashihisi: simu hufa, huzimia, hufufuka, na huwa na moyo. Msamiati huo haujakusanywa ipasavyo. Aidha, miongozo ya kutengeneza vifaa, pale inapopatikana, imeandikwa kwa lugha za kigeni. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kuhangaika. Na aketi kwa mwezi mmoja kando ya meza ya fundi, akiwa na daftari, aandike istilahi za kazi ile kabla hatujaziundia nyingine ofisini ambazo hakuna atakayezitumia.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vifaa vya anasa vilivyoundwa kwa mikono si jibu la taka za kielektroniki. Simu ya Vertu ilizimwa na mtandao, saa ya dhahabu ikaachwa na programu, na kamera ya M9 ikakosa kihisi. Katika kila mfano gamba lilikishinda kilichomo ndani. Hatukatai ustadi wa mkono, wala heshima ya fundi anayetia saini kwenye kazi yake. Tunachokataa ni dhana kwamba kitu kikishaundwa vizuri kimemaliza haja ya kuundwa tena. Kifaa hakidumu, hudumishwa, na asiyeruhusu kidumishwe amekiandikia siku ya kufa, kiwe cha plastiki au cha dhahabu.

Mwezi Januari tulirudi Lamu. Mwana wa yule mzee alitupokea kwa ukarimu, akatuimbia kiasi cha nyimbo alizokumbuka. Alisema babake alizijua nyingi zaidi. Tulimrekodi kwa kinasasauti cha mitumba chenye kifuniko cha betri na kadi inayochomoka, na kabla ya kulala usiku ule tukatoa nakala mbili.